Kogalo 2015: Msimu Mzima Bila Kuchapwa

Keti base yoyote Nairobi, iwe kwa kinyozi, kwa stage ama ndani ya mathree ya jioni, alafu uulize ni timu gani ilimaliza ligi bila kuchapwa. Kila chali atasema Arsenal, 2003/04, mechi 38. Atakutajia Henry, Vieira, Bergkamp, hadi kipa Lehmann. Wengine hao walizaliwa hiyo ligi ishaisha, lakini kikosi wanaijua yote kwa kichwa. Ile timu ilikuwa moto, hiyo sibishi. Sasa muulize mse huyo huyo ni timu gani ya hapa Nairobi ilibeba ligi 2015 bila kupoteza mechi hata moja. Ananyamaza. Manze hiyo kitu huniuma, juu mimi nilikuwa uwanja wa Nyayo na niliicheki na macho yangu.

Ni Gor Mahia, ama Kogalo vile tunaiita. Mechi 30, na pale kwa kuchapwa wameandikwa sufuri. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza, 1976 Kogalo ilibeba ligi vile vile. Klabu moja imefanya hiyo maajabu mara mbili, na bado sisi tunabonga za London.

Hiyo ligi ya 2015 ilianza na ngori mbaya. FKF, shirikisho la boli la Kenya, walitaka timu 18, KPL, kampuni iliyokuwa inaendesha ligi, wakakazana na 16, na kuna wakati nchi moja ilikuwa na ligi mbili. Mse wa boli alikuwa anaamka Sato hajui atacheki nini na wapi. Mwisho 16 ikasimama. Kogalo walikuwa na taji mbili mfululizo, 2013 na 2014, na ile ya 2013 ilikuja baada ya ukame wa miaka 18. Wazee wetu mtaani walilia kabisa hiyo siku. Kwa hivyo 2015, chini ya kochi Frank Nuttall, Mskoti, walikuwa wanatafuta ya tatu.

Lakini taji ni kitu ya karatasi. Mimi nataka ujue vile siku ya mechi ilikuwa.

Wiki nzima nilikuwa naweka mbao mbao hadi zifike soo mbili za tiketi. Mchana tunakutana Moi Avenue, pale kwa sanamu ya Tom Mboya. Hapo ndipo jeshi ya kijani ilikuwa inajipanga. Kuna vuvuzela, kuna wasee wamejipaka rangi uso mzima, kuna buda wa miaka sitini na jezi ya zamani imepauka hadi huwezi soma namba. Tunaimba, tunaizunguka hiyo sanamu, alafu tunashika Haile Selassie, tunatokea Uhuru Highway, mguu hadi Nyayo. Hakuna mtu alikuwa anauliza unatoka mtaa gani ama mfukoni uko na ngapi. Ukivaa kijani, wewe ni wetu. Na kama ni Mashemeji, dabi yetu na AFC Leopards, hao Ingwe nao wanakuja na ngoma zao za isukuti, hapo mwili inasisimka hata kabla refa apulize.

Ndani ya kiwanja, hiyo timu ilikuwa Afrika Mashariki nzima. Khalid Aucho na Godfrey Walusimbi kutoka Uganda, Karim Nizigiyimana kutoka Burundi, Abouba Sibomana na Meddie Kagere kutoka Rwanda. Nyuma kulikuwa na Musa Mohammed na Harun Shakava, na kupita hapo ilikuwa kazi. Aucho alikuwa anakula katikati yote. Akinyang'anya mtu boli, terasi nzima inasimama kabla hata hajatoa pasi.

Na mbele, Michael Olunga. Chali wa miaka 21, mrefu, mguu wa kushoto, na bado alikuwa anasomea uenjinia pale Technical University of Kenya. Ndio maana walikuwa wanamwita Enjinia. Sikuwa nimewahi ona straika wa hapa akikimbia hivyo na difenda wawili mgongoni. Kiatu cha dhahabu hakikuwa chake hiyo mwaka, Jesse Were wa Tusker ndiye alikibeba, na alistahili. Lakini aliyekuwa Nyayo alijua Olunga hatakaa.

Hakukaa. 2016 alienda Djurgården kule Uswidi. Januari 2018 akiwa Girona akawafunga Las Palmas goli tatu mechi moja, La Liga hiyo. 2020 akiwa Kashiwa Reysol akafunga goli 28 kwa ligi ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora. Dunia ilikuwa inamuona mpya. Sisi tulikuwa tumemcheki kwa soo mbili.

Nje ya ligi walichapwa, sifichi. Fainali ya Kombe la Kagame kule Dar, Azam waliwatandika 2-0. Lakini kwa ligi, kila wikendi kulikuwa na timu imekuja na nia ya kuwa ya kwanza kuwaangusha, na zote zilirudi nyumbani bila hiyo sifa.

Sababu ya kusahau naijua. Sato ile ile Kogalo inacheza, banda la video mtaani limejaa wasee wanacheki Uingereza. Mechi zetu nyingi hazikuwekwa mahali ukitaka unaweza zirudia. Kitu haionekani, haisimuliwi, na mtoto hawezi penda kitu hajawahi sikia. Arsenal wako na video zao. Sisi tuko na midomo tu.

Basi tuitumie. Sato ya mechi ikifika, mchukue brathako mdogo, mlipie tiketi, muanzie pale kwa sanamu ya Mboya. Na mkiwa njiani mwambie kuhusu 2015.