Msumari na waya wa nondo: ndugu wa tumbo moja

Umewahi kutumwa dukani pale Tandika ukanunue misumari na ule waya mweusi wa kufungia nondo? Chukua msumari mwembamba, unaokaribiana unene na waya huo. Ukiukunja kwa vidole unakukatalia. Waya wenyewe unakunjika kama kamba. Lakini vyote viwili kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha aina moja, chenye kaboni kidogo. Sasa tofauti imetoka wapi?

Imetoka kiwandani. Waya huanza ukiwa mnene, mara nyingi milimita 5.5. Unavutwa bila kupashwa moto kupitia tundu la kifaa kigumu sana, kisha tundu jembamba zaidi, mpaka unafikia unene unaotakiwa. Huko ndani kuna mambo. Chuma kimejengwa kwa fuwele ndogo ndogo, huzioni bila hadubini. Ndani ya kila fuwele atomi zimejipanga safu safu, na safu hizo zina kasoro. Chuma kinapokunjika, kasoro hizo ndizo zinazotembea. Kuvuta waya kunarefusha fuwele na kuzidisha kasoro mpaka zinazuiana, kama abiria kwenye daladala ya Mbagala asubuhi: kila mtu anataka kupita, hapiti mtu. Hapo chuma kimekuwa kigumu. Ila ukizidi kukivuta, kinakatika.

Misumari hukatwa kwenye waya huo ukiwa bado mgumu. Waya wa nondo wenyewe unaingizwa kwenye tanuri, kama nyuzi 700 za Sentigredi, halafu unaachwa upoe polepole. Kwenye joto hilo zinaota fuwele mpya zisizo na msongamano ule, na waya unalainika. Shaba nayo ni hivyo hivyo. Waya wa shaba uliovutwa huhimili karibu nyutoni 400 kwa kila milimita mraba. Ukishalainishwa kwa moto hubaki na kama 220.

Huamini? Mwombe mwalimu wa fizikia asimamie. Tumieni jiko la mkaa lililo nje, koleo, na msumari wa kawaida wa mbao. Upasheni mpaka uwe mwekundu, kaeni nao dakika chache, kisha ufukieni kwenye majivu mpaka upoe kabisa. Sasa ukunjeni. Ukunjueni, ukunjeni tena palepale: mtasikia unaanza kuwa mgumu, maana msongamano umerudi. Msitumie msumari wa bati! Ule umepakwa zinki, na moshi wake ukiuvuta unaweza kupata homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Haya, baiskeli yako je? Waya wa breki una kaboni nyingi zaidi, na umevutwa hasa. Nyuzi zake huweza kuhimili zaidi ya nyutoni 1,500 kwa kila milimita mraba. Mtu akikushauri uupashe moto kidogo ili ukunjike vizuri, kataa. Ukishalainika, fundi wa baiskeli hawezi kuurudishia nguvu kwa kuupoza na maji wala kwa kuugonga nyundo. Utavutika au kukatika siku utakayobana breki kwa nguvu zote, na hiyo huwa ni siku ya mteremko. Kwa hiyo ukinunua waya wa mtumba, ukague wote. Ukikuta kipande cheusi chenye magamba yanayobanduka, huo umeshapita motoni, mrudishie mwenyewe.