Kwa Nini Tundu la Shanghai Lina Pembe Nne

Ukisimama Bund, ukingo wa magharibi wa mto Huangpu jijini Shanghai, na kutazama ng'ambo, utaona majengo matatu yaliyoyapita mengine yote kwa kimo, yamesogeleana katika wilaya ya biashara ya Lujiazui. Moja kati ya hayo, Kituo cha Fedha cha Dunia cha Shanghai, lina tundu kubwa kileleni, na mawingu ya upande wa pili huonekana kupitia humo. Tundu hilo lina pande nne, juu pana kuliko chini. Wasanifu wake, kampuni ya Kohn Pedersen Fox ya New York, walilichora kwanza likiwa duara. Lilipata pembe kwa sababu Wachina waliukataa ule mchoro, na ninapoulizwa kama wapita njia wana neno la maana la kusema juu ya jengo la mita 492, hiki ndicho kisa ninachokitaja kwanza.

Lujiazui yenyewe ni ngeni. Kabla ya mwaka 1990, serikali ya China ilipotangaza mpango wa kuiendeleza Pudong, yaani upande wa mashariki wa mto, kulikuwa na mashamba, maghala, viwanda na nyumba za watu wa kipato cha chini. Wenyeji walikuwa wakisema afadhali kitanda kimoja Puxi, upande wa magharibi, kuliko nyumba nzima Pudong. Kufikia 1994 mnara wa televisheni wa Oriental Pearl ulishafika mita 468. Mwaka 1999 likaja jengo la Jin Mao, ghorofa 88, mita 420. Aliyezaliwa pale mtoni miaka ya 1980 ameyaona mazingira yake yakibadilika kabisa kabla hajamaliza shule, na wala hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Kituo cha Fedha kilianza kujengwa mwaka 1997, mwekezaji akiwa kampuni ya Mori Building ya Tokyo chini ya Minoru Mori. Nguzo za msingi zikashindiliwa ardhini, kisha mtikisiko wa fedha wa Asia ukasimamisha kazi kwa miaka kadhaa. Ujenzi uliporejea mwaka 2003, Mori alitaka jengo lipande kutoka mita 460 za awali hadi 492. Hapo kukawa na kazi ya kukuna kichwa, kwa sababu nguzo zilizokwisha kuzama ardhini zilikuwa zimepigiwa hesabu ya jengo fupi na jepesi zaidi. Mhandisi Leslie Robertson, ambaye pia ndiye aliyesanifu mifupa ya minara pacha ya New York, alibadili mfumo mzima. Alipeleka mzigo kwenye nguzo kubwa za pembeni na mikono ya chuma inayoziunganisha na kiini cha zege, akapunguza unene wa kuta, na jengo likawa jepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa msomaji wa Nairobi: jengo la Britam kule Upper Hill lina mita 200. Wataalamu wa dunia huliweka jengo katika daraja la marefu kupindukia likifika mita 300.

Kwa nini litobolewe? Mhandisi wa jengo refu hupoteza usingizi kwa ajili ya upepo kuliko kwa ajili ya uzito. Upepo ukigonga mnara hupasuka pande mbili, na nyuma ya mnara huacha mizunguko ya hewa inayochomoka kwa zamu, mara kushoto, mara kulia. Kila mzunguko unaochomoka huvuta jengo kidogo upande wake. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa asili wa jengo kuyumba, nguvu hujilimbikiza kama mtu anayesukuma pembea kila inapomrudia. Tundu kileleni hupitisha sehemu ya upepo mahali unapokuwa mkali zaidi na kuvuruga ule mpangilio wa zamu. Kwa hiyo halikuwa pambo. Duara la awali lilikuwa na kipenyo cha mita 46, na wasanifu waliliongezea maana waliyoitafuta katika utamaduni wa Kichina wenyewe. Katika fikra za kale za huko, mbingu ni duara na ardhi ni mraba, na bustani za Kichina zina malango ya duara ambayo kila mtu anayafahamu. Mraba chini, duara juu. Walidhani wamewapelekea wenyeji zawadi.

Wenyeji wakaona jua la bendera ya Japani.

Hapa inafaa tusimame, kwa sababu baadhi ya wenzangu katika taaluma hulisimulia tukio hili wakitikisa kichwa, kana kwamba umma ulikosa elimu ya kusoma mchoro. Hapana. Mwaka 1937 majeshi ya Japani yalipigana na ya China kwa miezi mitatu ndani na kandokando ya Shanghai, na maelfu kwa maelfu wakafa. Jiji lilikaliwa hadi 1945. Miaka ya 2000 walikuwako wazee waliokumbuka bendera ile ikipepea katika mitaa yao. Sasa kampuni ya Tokyo inataka kuweka duara karibu nusu kilomita angani, juu ya jiji hilohilo, duara ambalo jua likiwa nyuma yake lingewaka kweli. Mchoraji alikusudia mbingu, sawa, lakini kusudi lake hubaki ofisini kwake. Anayeishi chini ya jengo hupokea umbo peke yake, na umbo hilo atalitazama kila siku ya maisha yake.

Walioupinga mchoro walikuwa wengi, miongoni mwao Chen Liangyu aliyekuwa meya wa Shanghai. Msanifu William Pedersen alijaribu kwanza njia ya kati: daraja likatize sehemu ya chini ya tundu ili duara lisionekane kamili. Haikutosha. Aprili 2005 maandamano dhidi ya Japani yalifanyika katika miji kadhaa ya China, Shanghai ikiwemo, kwa hasira iliyotokana na vitabu vya historia vya shule za Japani. Oktoba mwaka huohuo wasanifu wakampelekea Mori umbo jipya lenye pembe nne. Kwa maelezo ya wasanifu wenyewe, umbo hilo lilikuwa na gharama ndogo zaidi na lilikuwa rahisi kujengwa kuliko duara, na hata hivyo upepo ungeendelea kupita. Malalamiko ya watu yalizaa suluhisho ambalo meza ya wataalamu haikuwa imelifikia.

Jengo lilifunguliwa Agosti 2008. Leo juu ya tundu kuna njia ya watalii kutembea, mita 474 kutoka ardhini, yenye vioo sakafuni. Na watu hawakumaliza kusema. Walilitazama tundu jipya wakaliita opena ya chupa, jina likashika, hadi dukani kileleni wageni wakawa wanauziwa opena halisi za chuma zenye umbo la jengo. Jin Mao linaitwa bomba la sindano, na la tatu kipigia mayai. Mimi nayachukulia majina haya kuwa hukumu ya upole. Mtu hakipi jina la utani kitu alichokikataa kabisa. Hukipa kile alichoamua kuishi nacho.

Hong Kong ilipata somo kama hilo mapema. I. M. Pei alipochora jengo la Benki ya China, lililofunguliwa 1990, vyuma vya kulishikilia vilionekana nje kama alama kubwa za X, ishara ambayo huko huhesabiwa kuwa ya nuksi. Pei akaficha vyuma vya mlalo, na alama zilezile zikaonekana kama almasi. Nguvu ya jengo haikupungua.

Kipigia mayai ndicho Mnara wa Shanghai, mita 632, ghorofa 128, uliokamilika 2015. Mwili wake unajisokota nyuzi 120 kutoka chini hadi juu, na msokoto huo ulipunguza nguvu ya upepo kwa asilimia 24 ukilinganisha na mnara ulionyooka. Kileleni kuna uzito wa tani 1,000 unaoning'inizwa ili uyumbe kinyume na jengo, na kila kimbunga kikali kinapopita, video za uzito huo ukibembea husambaa. Wapo wanaoogopa wakiziona. Ukweli ni kwamba uzito ukiwa unasogea, unafanya kazi yake.

Lakini woga mwingine ulikuwa na msingi. Mwanzoni mwa 2012, mnara ukiendelea kujengwa, nyufa zilionekana ardhini karibu na eneo la kazi na picha zake zikaenea. Waliohusika walijibu kwamba hali ilikuwa imetarajiwa na iko chini ya udhibiti. Jibu fupi hivyo halimtoshi mkazi wa Shanghai, na halikupaswa kumtosha. Jiji limekaa juu ya udongo laini ulioletwa na mto Yangtze, na mwamba uko mbali sana chini. Tangu miaka ya 1920 kitovu chake kilizama kwa zaidi ya mita mbili, hasa kwa sababu viwanda vilivuta maji ya ardhini bila kipimo, mpaka miaka ya 1960 uvutaji ulipobanwa na maji yakaanza kurudishwa chini. Shimo kubwa la msingi nalo huhitaji kukaushwa, na ukivuta maji udongo wa jirani hujikaza na kushuka. Anayeuliza kuhusu ufa mbele ya mlango wake anauliza jambo la kihandisi, hata kama hana msamiati wake. Mnara ulimwagiwa bamba la msingi la zege lenye unene wa mita 6, zaidi ya mita za ujazo 60,000 kwa saa 60 hivi mfululizo. Takwimu hizo zilitangazwa kwa fahari. Vipimo vya kushuka kwa ardhi mtaani vilistahili kutangazwa kwa sauti hiyohiyo.

Halafu liko swali la faida. Mnara ulipokamilika, sehemu kubwa ya sakafu zake ilikaa bila wapangaji kwa muda, na watu wakauliza kimo kile kilikuwa kwa ajili ya nani. Kihesabu waliuliza vizuri: kadiri jengo linavyopanda, ndivyo lifti, nguzo na mitambo zinavyokula nafasi ya kupangisha, na juu ya mita mia kadhaa kila ghorofa huongeza gharama haraka kuliko kodi. Kinachobaki mara nyingi ni sifa.

Julai 2021 serikali ya China iliagiza kwamba majengo mapya ya zaidi ya mita 500 yasijengwe tena, na yanayozidi mita 250 yabanwe vikali. Katika jiji jirani la Suzhou, jengo la Zhongnan lililopangwa kufika mita 729 lilipunguzwa kwenye michoro hadi mita 499.