Bakteria Wanaolinda Mizizi ya Mchungwa

Mchungwa ukinyauka katika shamba la Kisii au Nyamira, watu hutazama majani kwanza. Mimi huomba jembe. Ukifukua taratibu udongo unaolizunguka shina, mara nyingi unaukuta ugonjwa hapo hapo: gome limelainika na linatoa utomvu unaoganda kama gundi, na mzizi mdogo ukiuvuta, ganda lake linabaki vidoleni na ndani unasalia uzi mtupu. Huo ni uozo wa shina na mizizi, unaosababishwa na kiumbe kiitwacho Phytophthora.

Milima ya Gusii, yaani eneo hilo la Kisii na Nyamira, inakifaa kiumbe hiki. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mvua haikauki kwa muda mrefu, na chini mabondeni maji hutuama. Phytophthora hutoa vijimbegu vyenye mikia, vinavyoogelea katika maji ya udongoni hadi viufikie mzizi. Isitoshe, michungwa mingi nchini Kenya hubebeshwa juu ya shina la limau lenye ganda la makunyanzi. Limau hilo huvumilia ukame, lakini kwa uozo huu ni dhaifu.

Hapa ndipo bakteria wema wanapofaa. Anayejulikana zaidi ni Bacillus subtilis, aliyepewa jina hilo na Ferdinand Cohn mwaka 1872. Ni mkazi wa kawaida wa udongo. Mzizi haukai kimya ardhini: humwaga sukari na asidi, na bakteria hawa huvutwa na chakula hicho. Wakifika hujishikiza kwenye mzizi na kuufunika kwa utando mwembamba. Humo hutengeneza kemikali zinazotoboa ngozi ya seli za kuvu na za viumbe vinavyofanana na kuvu, kama Phytophthora. Bakteria wengine, kama Pseudomonas fluorescens, hunyakua madini ya chuma kabla adui hajayapata. Tena mti wenyewe huamshwa: ukishawahisi wageni hawa, hujiandaa hata kwenye majani ambayo hawajayagusa. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote, kwamba mzizi unaweza kulipasha habari jani.

Lakini mlinzi huwekwa mlangoni mwizi hajaingia. Mti ambao gome lake limeoza kuzunguka shina lote hauokolewi na bakteria, na anayemuuzia mkulima chupa ya bakteria kwa ahadi hiyo anamdhulumu. Manufaa makubwa yako kwenye mche: mizizi ichovywe au imwagiliwe siku ya kupanda, kisha irudiwe kadiri lebo inavyoelekeza. Pale ulipobebeshwa pakae juu ya udongo, na maji yawe na njia ya kutoka.

Kuna ugonjwa mwingine ambao nao husababishwa na bakteria, ila hawa ni waovu. Matunda hubaki madogo, yamepinda upande, machungu, na sehemu yake haiivi bali hubaki kijani. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia. Aina ya Afrika ya ugonjwa huu hupenda ubaridi wa nyanda za juu na hudhoofika joto likipita nyuzi 30, kwa hiyo Gusii ni nyumbani kwake. Huenezwa na kidudu kifyonzacho utomvu, Trioza erytreae. Geuza jani changa: makinda yake hukaa katika vishimo upande wa chini, na upande wa juu huonekana vinundu. Bakteria hao huishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mti, mahali ambapo mlinzi wa mzizini hawafikii. Florida, Marekani, ambako aina ya Asia iligunduliwa mwaka 2005, mavuno ya machungwa yameshuka kutoka maboksi zaidi ya milioni 240 msimu wa 2003/2004 hadi chini ya milioni 20 msimu wa 2023/2024, ingawa wataalamu wake wamejaribu mbinu nyingi, bakteria wema wakiwemo. Kwa ugonjwa huu, mche safi na kukidhibiti kidudu huja kabla ya chupa yoyote. Usikate kikonyo cha kubebeshea kwenye mti wa jirani kwa sababu tu unazaa sana.

Ukinunua bakteria, kumbuka unanunua viumbe hai. Tazama namba ya usajili ya Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Usiiache chupa juani, wala usiichanganye na dawa ya shaba katika pampu moja ila lebo ikiruhusu. Nyunyizia jioni, udongo ukiwa na unyevu, kwa maana miale ya jua huwaua upesi.

Na uwape chakula. Udongo mwingi wa Gusii una asidi, umelimwa miaka na miaka bila kupumzishwa, na mwingine umebaki na mboji kidogo sana. Pima asidi kabla ya kuweka chokaa. Tandaza samadi iliyooza vizuri na majani ya migomba chini ya mti, ila uache nafasi ya mkono mmoja kutoka shinani, gome lipate hewa na kukauka baada ya mvua.