Maji Kwanza, Kikapu Baadaye



Kama unasoma Nyakanazi au shule za jirani, njia panda yetu unaijua vizuri. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na barabara ya Kibondo na Kigoma inaanzia hapa. Basi siku moja simama uangalie lori lililochemka. Dereva kaegesha pembeni, utingo anakimbia na dumu kutafuta maji. Injini ni nzima, matairi ni mapya, mzigo umefungwa sawasawa, lakini safari imekwama. Kisa? Rejeta imekauka.

Mwili wako nao una rejeta yake, na hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Tutaanza na timu moja ya chuo iliyofika mbali sana katika mpira wa kikapu, ikiwa na Mtanzania ndani yake. Halafu tutarudi hapa kwetu, kwenye kiwanja chako cha shule.

MSIMU WA THABEET

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15, umri ambao wengi wenu mko kidato cha pili. Kwa hiyo usije ukasema umeshachelewa! Alikwenda Marekani, akamaliza sekondari huko, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni mita 2.21. Akipita kwenye mlango wa darasa lako, lazima ainame.

Msimu wa 2008–09 ndio uliompa jina. Kwa wastani alifunga pointi 13.6 kila mechi, alidaka mipira 10.8 inayorudi kutoka kwenye ubao, na alizuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Timu yake ilicheza mechi 36, ikashinda 31 na kufungwa 5 tu. Ilifika nusu fainali ya vyuo vya Marekani mjini Detroit, tarehe 4 Aprili 2009, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000. Hapo ilifungwa na Michigan State kwa 82–73. Miezi miwili na ushee baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote waliosajiliwa kuingia NBA mwaka huo. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mambo ya urefu na kipaji tu. Hapana. Angalia yaliyoipata timu hiyo ndani ya msimu huohuo.

MECHI ISIYOTAKA KUISHA

Februari 2009, mchezaji wao tegemeo, Jerome Dyson, aliumia goti. Msimu wake ukaishia hapo.

Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 12 Machi, walikutana na Syracuse mjini New York. Mechi ya vyuo vya huko ni dakika 40. Dakika 40 zikaisha, timu zikiwa sare. Wakaongezewa dakika 5. Sare. Wakaongezewa tena. Sare tena! Ziliongezwa mara sita, jumla dakika 70 za mchezo, na kuanzia mwanzo hadi mwisho zilipita saa 3 na dakika 46. Ilipofika saa saba na ushee usiku ndipo Connecticut ikafungwa 127–117.

Wiki moja baadaye, tarehe 19 Machi, walikuwa na mechi ya kwanza ya mashindano makubwa ya taifa, mjini Philadelphia. Siku hiyo kocha wao mkuu, Jim Calhoun, hakuonekana kwenye benchi. Alikuwa hospitalini. Ugonjwa gani? Upungufu wa maji mwilini.

Hebu tulia hapo kidogo. Huyu si mtoto. Ni mzee wa miaka 66, kocha wa miaka mingi, ana madaktari wa timu karibu naye. Wala hakuwa kwenye jua kali. Philadelphia mwezi Machi ni baridi. Na bado mwili ulimwishia maji. Timu ilishinda bila yeye, 103–47, na mechi iliyofuata kocha alikuwa amerudi kazini. Alirudi kwa sababu alitibiwa mapema.

Sasa kama linaweza kumpata yeye, wewe unayecheza saa nane mchana kwenye kiwanja cha vumbi, hujanywa kitu tangu uji wa asubuhi, unajiona nani?

JASHO NI LA NINI HASA?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Katika nguvu yote inayotumia, kama robo tu ndiyo inayokuwa mwendo: kukimbia, kuruka, kutupa. Sehemu kubwa inayobaki huwa joto. Mwili unapaswa kukaa karibu na nyuzi 37 za sentigredi, kwa hiyo joto hilo lazima litolewe nje.

Hapo ndipo jasho linapoingia. Linatoka kwenye ngozi, linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Ndiyo maana ukitoka kuoga upepo ukikupiga unasikia baridi. Lakini jasho linatengenezwa na maji ya mwili wako. Kijana anayecheza kwa nguvu anaweza kupoteza nusu lita hadi lita mbili kwa saa moja.

Ukiwa na kilo 50, ukipoteza lita moja bila kuirudisha, mchezo unaanza kuharibika. Moyo unadunda haraka zaidi, miguu inakuwa mizito, akili inachelewa. Unatoa pasi kwa mpinzani, halafu wenzako wanasema umerogwa. Hujarogwa, bwana. Umekaukiwa.

DUMU NILILOLIFICHA MIMI

Naomba nikueleze jambo ambalo sijivunii. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa nahodha wa kikapu shuleni kwetu. Wakubwa waliotutangulia walituachia sheria moja: hakuna kunywa maji katikati ya mechi. Eti ukinywa tumbo linakuwa zito, unapata kichomi, unakuwa legelege. Mimi nikaishika sheria hiyo kama ya dini. Siku ya mashindano nililichukua dumu la maji nikalificha nyuma ya darasa.

Rafiki yangu mmoja aliniomba maji mara mbili. Nikamwambia, "Kaza, wewe si mwanaume?" Baadaye akaanza kukimbilia upande wetu badala ya upande wa wapinzani. Tukamcheka. Kisha akaacha kujibu akiitwa jina lake. Kisha akaanguka.

Aliyemwokoa ni mwalimu wa shule tuliyokuwa tunacheza nayo. Alimvuta kivulini, akamvua viatu na fulana, akaagiza ndoo ya maji, akawa anammwagia huku wengine wanampepea na madaftari. Akapelekwa zahanati. Alipona, lakini mashindano yale yote yaliyobaki aliyatazama akiwa amekaa. Hadi leo tukikutana ananitania, "Nahodha, dumu liko wapi?" Tunacheka wote wawili. Ila mimi moyoni huwa sicheki sana, maana sasa ninajua kilichokuwa kinamnyemelea.

Joto la mwili likipanda kufikia nyuzi 40 na kuendelea, na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto. Kinaharibu ubongo, figo na moyo, na kinaua.

SASA NIFANYEJE?

Kabla ya mchezo: kunywa kikombe kimoja au viwili kama saa mbili kabla ya kuanza. Usisubiri filimbi.

Wakati wa mchezo: kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Kinacholeta uzito tumboni ni kugugumia jagi zima kwa mara moja.

Baada ya mchezo: endelea kunywa kidogo kidogo, na ule chakula chako cha kawaida. Chakula kinarudisha chumvi iliyotoka na jasho.

Jipime kwa mkojo. Ukiwa na rangi nyepesi kama maji yaliyokamuliwa ndimu, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, unahitaji maji.

Lakini usizidishe. Kujilazimisha kunywa malita kwa malita wakati huna kiu na hutoki jasho kunaweza kupunguza chumvi kwenye damu, nako ni hatari. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu si badala ya maji. Pombe ndiyo kabisa: inakufanya ukojoe zaidi.

Maji yawe salama. Ya kisima, ya mto au ya bomba usiloliamini, chemsha mpaka yatokote vizuri, yaache yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko, au tumia dawa ya kutibu maji kama maelekezo yake yanavyosema. Kila mchezaji awe na kikombe chake. Haitusaidii kukimbia kiu tukaangukia kwenye kipindupindu au homa ya matumbo.

MASWALI MNAYOTUULIZA

"Mimi ni msichana. Shuleni siwezi kunywa maji kwa sababu vyoo vyetu havifai."

Dada yangu, nakuelewa, na si wewe peke yako. Lakini kushinda na kiu na kubana mkojo kutwa nzima kunaongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Msilibebe jambo hili kimyakimya. Lipelekeni kwa mwalimu wa malezi au serikali ya wanafunzi, likajadiliwe na bodi ya shule pamoja na wazazi. Choo safi chenye mlango unaofungika na maji ni sehemu ya afya yako.

"Ninafunga Ramadhani. Niache mazoezi?"

Si lazima uache. Fanya mepesi, na uyasogeze karibu na magharibi ili ukimaliza ufuturu. Kunywa maji vizuri kati ya kufuturu na daku. Ukisikia kizunguzungu, simama. Mwambie kocha mapema. Asione kama unategea.

"Kichwa kinaniuma baada ya mechi. Ni kiu au malaria?"

Kaa kivulini, kunywa maji, pumzika. Kama homa au maumivu hayaishi, usibahatishe na usimeze dawa ya kuazima. Nenda kituo cha afya ukapimwe damu.

MWENZAKO AKIANGUKA

Mchezaji anayetetereka, anayeongea ovyo, anayetapika au ambaye ngozi yake inachoma, mtoeni uwanjani papo hapo, hata kama zimebaki sekunde 10 na mko nyuma kwa pointi moja.

Mpelekeni kivulini. Mlegezeeni nguo. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Kama anajitambua na anaweza kumeza, mpeni maji mafunda madogo madogo. Kama hajitambui, msimtie kitu chochote mdomoni, mlazeni ubavu. Mtu mmoja akatafute usafiri wa kumfikisha kituo cha afya au hospitali, na njiani muendelee kumpooza.

MWISHO

Timu ya Thabeet haikuchukua kombe mwaka ule. Lakini ilimpoteza mchezaji goti, ikapita usiku wa dakika 70, ikacheza bila kocha wake, na bado ikafika nusu fainali. Dyson hakulazimishwa kucheza na goti bovu. Kocha hakuambiwa akaze, alipelekwa hospitali. Msimu ni mrefu, na mtu aliyepumzishwa leo ndiye anayeweza kurudi kesho.

Kwa hiyo mkienda mazoezini leo jioni, kabla ya kugombania nani aanze, ulizaneni swali moja: dumu liko wapi? Kama hakuna anayejua, wewe uliyesoma habari hii ndiye ukalijaze. Liwekeni pembeni ya kiwanja, mahali ambapo kila mtu analiona na hakuna haja ya kumwomba nahodha ruhusa.