Kushusha Kombi ya Zamani kwa Mbele

Kwa usharika wenye Kombi ya Volkswagen iliyotengenezwa Ujerumani kati ya 1950 na 1979, wazo la kuishusha mbele huvutia: wazee hupanda kwa urahisi, na vijana (tuseme kweli) huipenda sura yake. Kabla ya kuipeleka kwa mafundi wa Gerezani, kamati ijue kinachoguswa.

Mbele ya Kombi hiyo kuna mabomba mawili ya chuma yaliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani yake mna mafungu ya vyuma bapa vinavyojisokota kila gurudumu linapopanda. Hizo ndizo springi zake. Katikati ya bomba vyuma hushikwa na boliti. Fundi hukata hapo, hugeuza kidogo na kuchomelea upya. Gari hushuka, lakini nafasi ya gurudumu kupanda hupungua, na shokapu fupi zaidi huhitajika. Wengine hupunguza vyuma vyenyewe. Hilo hatuliungi mkono: gari tupu litapendeza, likibeba kwaya litagonga kila shimo.

Njia tunayoiona bora ni kubadili kipande kinachobeba ekseli fupi ya gurudumu, kuweka kingine ambacho ekseli yake imepandishwa. Springi haziguswi. Kipande kiwe kimetengenezwa kiwandani. Cha zamani kilichokatwa na kuchomelewa kikivunjika, gurudumu huchomoka.

Kazi ikiisha, usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote, gari likiwa limejaa watu, kuona kama tairi linasugua bodi au mpira wa breki. Alaimenti ipimwe, na taa zirekebishwe, kwani mwanga wake utakuwa umeinama. Msimbazi ukifurika pale Jangwani, gari hilo libaki nyumbani.