Dodoma kwa Mwenye Nauli ya Kurudi Tu

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita.)

Ndugu msikilizaji, wako watu wengi wanaokwenda Dodoma si kwa kutembea bali kwa kusukumwa na shida. Huyu anafuatilia mafao ya kustaafu, yule uhamisho, mwingine hati ya kiwanja. Anafika ofisini asubuhi, anaambiwa mkubwa yuko kikaoni, njoo Alhamisi. Na leo ni Jumatatu. Mfukoni ana nauli ya kurudi na akiba kidogo ya kula. Afanye nini siku zote hizo?

Mwezi wa Februari, si miaka mingi iliyopita, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimwuliza kijana wa mapokezi katika nyumba ya wageni mahali pa kutembea. Akacheka. "Mzee, hapa hakuna kitu. Ni vumbi na zabibu tu."

Maneno hayo hata Dar es Salaam tumeyazoea. Aghalabu husemwa na wale waliokwenda kwa posho, wakaijua njia ya kutoka hotelini hadi ukumbi wa mkutano, na ya kutoka ukumbini hadi kwenye nyama choma. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi Julai 2024, wako wanaokuja asubuhi na kurudi jioni, na hao hata nyama choma hawaifikii.

La kushangaza ni kwamba mji huu ulipangwa kwa ajili ya mtu asiye na gari. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mpango mkuu wa mji ulitoka mwaka 1976, nao ulichorwa na kampuni moja ya Toronto, Canada. Wapangaji wale hawakutaka mji wa majumba marefu na barabara pana za gwaride. Walitaka mji wa mwenda kwa miguu, wa baiskeli na mabasi, wenye maeneo ya kijani kati ya mtaa na mtaa. Basi nikasema, nami niujaribu mpango huo kwa miguu yangu.

Nilianzia stesheni ya zamani, ile ya reli ya kati. Wajerumani waliifikisha reli hapa mwaka 1910, na mji ukakua kuizunguka. Kabla ya hapo palikuwa pahala pa Wagogo na mifugo yao. Ukiketi na wazee watakusimulia habari za jina lenyewe. Wengi husema tembo alikuja kunywa maji, akazama topeni, watu wakapiga kelele "idodomya", yaani amedidimia. Lakini wako wanaosimulia kisa kingine: ng'ombe walioibwa wakachinjwa, mikia yao ikachomekwa matopeni, na wenye mali walipofika wakaambiwa ng'ombe wamezama, tazameni mikia. Mimi nakipenda zaidi kisa hiki cha pili. Kinatufaa sisi tunaofuatilia mafaili.

Kutoka stesheni hadi Bustani ya Nyerere, yenye sanamu ya Mwalimu, si mwendo wa kuchosha. Hapo unakaa bure. Ukitembea katikati ya mji utaona makanisa makuu ya Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki, na Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Mwenye kupenda mawe asiache kuulizia makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Shughuli za jiolojia za nchi hii zina makao yake Dodoma tangu miaka ya 1920, na hapo utaona kwa macho dhahabu ikiwa bado ndani ya jiwe lake.

Chakula cha mchana kitafute Soko la Majengo na vibanda vya jirani. Agiza ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, na ukimsalimu mama lishe kwa "mbukwenyi" usishangae akikuongezea mboga. Mlenda wa Dodoma si ule tunaoubeza pwani. Majani yake huanikwa yakahifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, maana hapa mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo mbingu hufunga.

Jumanne asubuhi na mapema nilipanda mwamba wanaouita Lion Rock, upande wa Area D. Nenda na wenzako, si peke yako, tena na maji ya kunywa. Ukiwa juu utauona mpango ule wa 1976 ulipofanikiwa na uliposhindwa. Mji wa zamani umekaa pamoja kando ya reli. Mbali zaidi viko vilima vya Chimwaga, ambako mkutano mkuu wa CCM ulimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na ambako baadaye, mwaka 2007, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kati ya hapa na pale ni mapaa ya bati yanayomeremeta. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini; ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Mitaa ya miguu ikageuka mitaa ya bodaboda.

Lakini ndugu msikilizaji, jambo ambalo ningependa kila Mtanzania afanye akiwa Dodoma halitaki hata senti moja. Ni kuingia bungeni.

Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, na ukumbi linaoutumia sasa ulifunguliwa mwaka 2006. Mikutano yake si ya mwaka mzima. Ule mrefu kuliko yote ni wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mingine ni mifupi, na mmojawapo huangukia Januari na Februari. Kuna jukwaa la wageni, na mgeni maana yake ni wewe na mimi. Chukua kitambulisho, vaa mavazi ya heshima, vumilia upekuzi wa langoni. Kikao huanza saa tatu asubuhi. Siwa inaingizwa, dua inasomwa, kisha maswali, na Alhamisi maswali huanza kwa Waziri Mkuu mwenyewe, naye hujibu papo kwa papo.

Tumezoea kuwasikiliza wabunge redioni na kuwaona kwenye televisheni. Ukiwa pale ni jambo jingine. Kamera humfuata anayesema. Jukwaani unawaona na wasiosema. Unamwona aliyesinzia, aliyetoka nje mara tu swali lake lilipojibiwa, na yule mnyonge wa kiti cha nyuma anayeandika kila neno kwenye daftari. Unaviona viti vitupu na unaweza kuvihesabu. Halafu Spika hutangaza wageni: wanafunzi wa shule fulani, wanakwaya wa mahali fulani, wajasiriamali kutoka jimbo la mheshimiwa fulani. Wanasimama, wanapigiwa makofi ya meza. Siku ile niliwatazama wazee wawili waliosimama na kanzu zao zilizokunjamana kwa safari ya usiku kucha. Mmoja alisahau kukaa. Aliendelea kusimama akiangaza macho kama mtu aliyeingia shambani mwake baada ya muda mrefu.

Nisije nikadanganya kwamba yote yako mjini. Chamwino iko mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, na basi dogo hukufikisha kwa nauli ndogo. Ni kijiji cha Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambako Mwalimu Nyerere alishiriki na wanakijiji kufyatua matofali. Ikulu iliyofunguliwa mwaka 2023 iko hukohuko, nayo utaitazama kwa mbali. Ila kila mwaka, kwa kawaida mwezi Julai, hufanyika Chamwino tamasha la muziki wa Cigogo. Hapo utawaona akina mama wakipiga muheme, ngoma zilizobanwa mapajani, na wazee wa zeze na ilimba wakiimba kwa sauti nyingi zinazopandana. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huu Ulaya, akarekodi na lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Watu wa London walilipa tiketi kuusikia. Chamwino unaketi chini ya mti.

Mwenye siku ya ziada na nauli aende Kolo, Wilaya ya Kondoa, kilomita zipatazo 180 kaskazini, barabara ya lami tupu. Hapo ndipo penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwongozaji ni lazima, na mtapanda mlima kwa miguu. Eneo la Mungomi wa Kolo wenyeji bado wanalitumia kwa matambiko ya kuomba mvua, kwa hiyo ingia kwa adabu uliyofunzwa nyumbani.

Nirudi kwa yule mwenye nauli ya kurudi tu. Ofisi nyingi za serikali sasa ziko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Ni majengo mazuri, hilo sibishi. Lakini mtu akimaliza kuambiwa "njoo Alhamisi" kule, hana bustani ya kukaa wala soko la kutembelea kwa miguu. Analo jua, na kituo cha basi. Mamlaka iliyosimamia mpango wa 1976, CDA, ilivunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Je, nani leo kwenye vikao vya ardhi anamsemea mwenda kwa miguu? Na yale maeneo ya kijani ya kwenye ramani, yaliyobaki ni mangapi, na yana hati ya nani? Wenyeji wa Dodoma waulize mapema, maana kiwanja kikishawekwa ukuta hakirudi kuwa bustani.

Alhamisi ile nilitoka bungeni baada ya maswali, nikapanda basi. Mkubwa alikuwa amerudi kutoka kikaoni. Saini ilichukua dakika mbili. Njiani kuelekea stesheni wanawake walikuwa wamepanga zabibu nyeusi kwenye mabeseni, za mavuno ya kwanza. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka. Nikahesabu chenji yangu, nikanunua kilo moja ya kupeleka nyumbani.