Breki Ikiwa Ngumu, Usikimbilie Spea

Dereva akikanyaga breki akakuta pedeli imekaza, wazo la kwanza humjia kwamba breki zimekwisha. Gari hupelekwa gereji, pedi zikabadilishwa, upepo ukatolewa kwenye mabomba, pengine hata masta silinda mpya ikafungwa, na bado pedeli ikabaki ngumu vilevile. Fedha imekwenda na hatari iko palepale. Ukweli ni kwamba mara nyingi pedeli ngumu haitokani na ubovu wa breki zenyewe, bali na kupotea kwa msaada unaouongezea nguvu mguu wa dereva. Msaada huo hupimwa kwa dakika chache, bila gharama yoyote, kabla nati haijafunguliwa.

Katika magari mengi madogo, msaada huo hutoka kwenye busta, lile kopo pana jeusi lililokaa nyuma ya masta silinda. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoigawa busta vyumba viwili. Injini ya petroli huvuta hewa kutoka kwenye busta kupitia mpira mnene, kama mtu anavyonyonya madafu kwa mrija. Dereva anapokanyaga, hewa ya nje huingia chumba kimoja na kukisukuma kiwambo kuelekea chumba kisicho na hewa. Kiwambo chenye upana wa sentimita 25 kina eneo la takriban sentimita za mraba 490. Tofauti ya mgandamizo ikiwa ni uzito wa kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba, nguvu inayopatikana inakaribia kilo 300. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa namna hiyo, ndiyo maana hufungiwa pampu ya kuvuta hewa, na katika Toyota Hiace nyingi za zamani za dizeli pampu hiyo iko nyuma ya alteneta. Pampu ikichakaa, pedeli hukaza ingawa busta ni nzima. Hata mwinuko wa mahali unahusika: mgandamizo wa hewa Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo busta iliyoanza kuchoka huenda ikajificha pwani ikaumbuka bara.

Kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa na gari limesimama mahali tambarare. Kanyaga breki mara nne au tano hadi pedeli ikaze, ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, msaada haufiki. Kipimo cha pili: acha injini iungurume dakika moja au mbili, izime, halafu kanyaga mara tatu polepole. Mkanyago wa kwanza ushuke sana, inayofuata ipungue kidogo kidogo. Pedeli ikiwa ngumu tangu mkanyago wa kwanza ilhali kipimo cha kwanza kilifaulu, busta haihifadhi mvuto, na mshukiwa wa kwanza ni ile valvu ndogo inayopaswa kupitisha hewa upande mmoja tu. Ichomoe na uipulize: hewa ipite kutoka upande wa busta kwenda upande wa injini, isirudi. Ukaguzi wa mpira nao usikose, kwa sababu mpira uliopasuka au unaojibana ndani hukata msaada wote, na bei yake haikaribii bei ya busta. Ukisikia mlio wa hewa karibu na miguu unapokanyaga, na injini ikaanza kupiga misi, hapo kiwambo chenyewe kinashukiwa.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji haya yote, mguu wake unatosha. Uzoefu ni hazina, lakini mguu huhisi ugumu tu. Hauoni ugumu umetoka wapi. Kutu kwenye ekseli ya pedeli, kalipa iliyoganda au mpira wa breki ulioziba ndani vinaweza kuleta malalamiko yaleyale. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha: busta ikifaulu, fundi ageukie magurudumu, atafute lililopata moto kuliko mengine au lisilozunguka kwa wepesi likiinuliwa. Kutoa upepo hakutibu pedeli ngumu, kwa sababu upepo kwenye mafuta ya breki huifanya pedeli kuwa laini. Na busta ikilazimika kubadilishwa, urefu wa fimbo inayosukuma masta silinda urekebishwe, la sivyo breki huenda zikabaki zimeshika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: gari bado linasimama, basi safari iendelee. Ni kweli, mabomba ya mafuta ya breki yangali yanafanya kazi. Lakini bila msaada dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu mara kadhaa ya ile aliyozoea, na mtoto anapokatiza barabara hakuna muda wa kuitafuta nguvu hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta ni kosa kubwa: akiba iliyomo ndani ya busta huisha baada ya mikanyago michache, katika sehemu inayohitaji breki kuliko zote. Tena injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia, hivyo hata faida inayotarajiwa haipo.

Gari lenye pedeli ngumu lisiendeshwe mpaka chanzo kijulikane. Kama fundi yuko mbali, aitwe lilipo gari. Naye akitaja spea ya kununua, mwenye gari ana haki ya kumwomba kwanza amwonyeshe ni kipimo gani kimeitia hatiani.